Goti hutibiwa hospitali, hupona nyumbani



Katika sura ya 12 ya Waraka kwa Waebrania kuna maneno ambayo Kanisa hutusomea katika Dominika ya 21 ya Mwaka C. Mwandishi anazungumza na Wakristo waliochoka. Anawataka wainue mikono iliyoanguka, wayatie nguvu magoti yaliyolegea na wazisawazishe njia za kupitia, ili aliye kilema asizidi kuumia bali apate kupona. Tumezoea kuyasikia magoti hayo kama mfano wa mambo ya roho: imani iliyopoa, sala iliyopungua, moyo uliokata tamaa. Ni maana sahihi. Lakini leo nakuomba ulichukue neno goti kama lilivyo, goti la mwili, lenye mfupa, gegedu na kano, na mshono mpya juu yake. Nakuomba umfikirie mwenye goti hilo amelala katika nyumba ya vyumba viwili huko Nyarugusu, Katoro, Kakola au Mwakitolyo, na pembeni yake wapo watoto watatu au wanne, mdogo wao hajafikisha miaka 2.

Angalia jambo moja katika aya hiyo. Amri zake ziko katika wingi. Mwandishi hamwambii mwenye goti ajitie nguvu mwenyewe na ajisawazishie njia. Anaiambia jumuiya nzima. Hoja yangu ya Dominika hii inaanzia hapo.

Kanda yetu, kutoka Shinyanga hadi Geita, ni kanda inayochosha magoti. Mchimbaji mdogo hushuka kwenye duara kwa kamba au kwa ngazi za miti, hufanya kazi ameinama au amepiga magoti juu ya mwamba, kisha husaidia kupandisha viroba vya mawe. Wanawake huketi chini siku nzima wakiponda na kuchambua mawe. Vijana wa bodaboda huanguka kati ya Geita na Katoro, au kati ya Kahama na Kakola, na mara nyingi goti ndilo linalotangulia kugusa barabara. Mkulima wa pamba na mpunga hutegemea jembe na miguu yake. Bibi aliyechota maji kwa miaka 50 hufika uzeeni na goti ambalo gegedu yake imekwisha. Na kijana wa timu ya mchangani hugeuka kwa kasi siku moja, husikia kitu kimelia ndani, na tangu hapo goti halimbebi tena.

Inapofika hatua ya upasuaji, hapo sisi Wakristo tunajua la kufanya. Tangazo linasomwa kanisani, jumuiya inakutana, daftari linapita, WAWATA wanatoa chao, UWAKA wanatoa chao, ndugu wa mjini wanatuma kwa simu. Mgonjwa anapelekwa Bugando, hospitali ile ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo Kanisa letu linaiendesha kwa ubia na serikali, au anasafiri hadi taasisi ya mifupa ya MOI jijini Dar es Salaam. Kwa wagonjwa wa Geita, safari ya Mwanza nayo imekuwa fupi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limetuondolea foleni ya kivuko. Tumshukuru Mungu kwa hayo yote.

Kisha mgonjwa anaruhusiwa. Anarudi nyumbani na magongo mawili, dawa kwenye mfuko, na karatasi yenye tarehe ya kliniki na maelekezo ya mazoezi. Siku mbili za kwanza nyumba inajaa watu. Tunasali, tunakunywa chai, tunampa pole, tunamwambia Mungu ni mwema. Siku ya nne nyumba ni tupu. Na hapo ndipo kazi ya goti inapoanza.

Tunajidanganya kwamba upasuaji ndio uponyaji. Daktari wa mifupa huunganisha, husafisha, hukaza, au huweka goti bandia, na kazi yake humalizika kwa saa chache. Baada ya hapo yapo majuma 6 ya mwanzo ambayo kwa wagonjwa wengi huamua kama goti litanyooka na kukunjika tena au litakakamaa. Misuli ya paja husinyaa upesi mtu asipoitumia, kwa hiyo mgonjwa hufundishwa kuibana akiwa bado kitandani, kuchezesha nyayo ili damu itembee, kulinyoosha goti mpaka nyuma yake iguse godoro, na kulikunja kidogo kidogo kadiri alivyoelekezwa. Mazoezi hayo hurudiwa mara kadhaa kila siku, nayo huuma. Aliyeunganishwa kano kubwa ya ndani ya goti huweza kungoja miezi 9 kabla ya kurudi uwanjani. Mwenye goti bandia huweza kuendelea kupata nafuu mpaka mwaka unaisha.

Sasa yaweke mazoezi hayo ndani ya nyumba yenye watoto wadogo. Mama analala kulinyoosha goti, mtoto wa miaka 2 anadhani ni mchezo na anarukia mguu. Mtoto mchanga analia, na mama hawezi kumfunga mgongoni kwa sababu mikono yake imeshika magongo. Jiko la mkaa liko chini, kigoda nacho ni kifupi, na goti halitakiwi kukunjwa kiasi hicho. Choo ni cha kuchuchumaa, tena kiko nje, na usiku njia haina taa. Magongo yenyewe yamekuwa farasi wa watoto na hayapo yanapohitajika. Akina mama wengi hueleza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: kwamba wodini walikuwa wagonjwa, lakini walipovuka kizingiti cha nyumba zao waligeuka tena kuwa mama, na hakuna aliyeuliza kama goti limekubali.

Yupo pia anayelipa gharama hii bila kutajwa, naye ni binti wa miaka 10 au 11. Siku ya kwanza anabaki nyumbani ili amsaidie mama kufika chooni. Siku ya pili anachota maji. Siku ya tatu anapika ugali na kumwogesha mdogo wake. Baada ya wiki mbili mwalimu anauliza, na baada ya mwezi mwalimu ameacha kuuliza. Serikali imefuta ada, lakini mtoto huyo analipia goti la mama kwa masomo yake. Mara nyingi kaka yake mwenye umri wa kwenda naye anaendelea kwenda shule. Sisi wanajumuiya tunapopita tunamsifu binti kwamba ana huruma na anamsaidia mama yake. Ni kweli ana huruma. Lakini zamu anayoishika hapo ni zamu yetu.

Ndugu msomaji, turudi kwenye Injili. Marko, katika sura ya 2, anasimulia juu ya watu wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza, wakatoboa dari na kumshusha mbele ya Yesu. Tunawapenda watu wale, na tunastahili kuwapenda. Ndio mfano wa michango yetu: walimfikisha. Lakini soma mpaka mwisho. Bwana anamwamuru mtu yule ainuke, abebe kitanda chake na aende nyumbani kwake. Uponyaji unaelekezwa nyumbani. Injili inamtaka mtu huyo arudi kwenye mlango wake, kwenye watu wake, kwenye maisha ya kila siku. Kwa mgonjwa wetu wa goti, njia ya kurudi huko ni ndefu, na wale wanne bado wanahitajika baada ya dari kuzibwa.

Msamaria Mwema alilielewa hilo. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya maana ya mateso aliyoitoa tarehe 11 Februari 1984, alitumia sura nzima kumtafakari Msamaria huyo. Sisi tunamkumbuka alipoinama barabarani, mafuta na divai aliyomimina, na dinari mbili alizomwachia mwenye nyumba ya wageni. Tunasahau kwamba aliahidi kurudi. Alimwambia yule mwenye nyumba amwangalie mgonjwa, na kwamba kitakachozidi atakilipa akipita tena. Alijua kwamba dinari mbili hazitatosha na kwamba jeraha halifungi kwa siku moja. Jumuiya zetu ni hodari wa dinari mbili. Kurudi bado tunajifunza.

Katika sura ya 1 ya Marko yuko pia mama mkwe wa Simoni Petro, aliyekuwa kitandani na homa. Yesu alimwendea, akamshika mkono, akamwinua, homa ikamwacha, naye akawahudumia. Wapo wanaume wanaoipenda sana sehemu ya mwisho ya habari hiyo. Lakini tazama mpangilio wake. Kabla mama huyo hajamhudumia mtu, yeye alihudumiwa kwanza. Alifuatwa alipolala, akashikwa mkono, akainuliwa. Tena kitenzi anachotumia Marko kwa Kigiriki kusema kwamba Yesu alimwinua ndicho anachotumia baadaye kusema kwamba Kristo amefufuka. Kumwinua mgonjwa kitandani si jambo dogo mbele ya Mungu. Na muujiza ule wa kusimama papo hapo usigeuzwe kuwa kipimo cha kumhukumu mke wako ambaye nyuzi zake zimetolewa juzi.

Hapa naongea nanyi akina baba. Katika vijiji vyetu mwanaume kushika mwiko wakati mke yupo ndani huonekana kama aibu, na majirani wana maneno. Someni sura ya 21 ya Injili ya Yohane. Bwana aliyeshinda mauti aliwangoja wanafunzi wake kando ya ziwa alfajiri, na walipofika pwani walikuta moto wa makaa umewashwa, samaki juu yake, na mkate. Kisha akawakaribisha wafungue kinywa. Kama Kristo mfufuka alipika kando ya ziwa la Tiberia, hakuna mwanaume wa kando ya ziwa la Viktoria anayepunguziwa heshima kwa kuwapikia wanawe uji. Siku ya ndoa uliahidi mbele ya altare kumpenda katika magonjwa na katika afya. Magonjwa hayo ndiyo haya, na kuahidi kule maana yake ni kuosha sufuria, kumfunga mtoto, kusimamia mazoezi, na kuondoa ndoo njiani ili mwenye magongo apite.

Nanyi akina mama wakwe, nina ombi moja. Desturi yetu ya Kisukuma inamfundisha mwanamke kupiga magoti anapowasalimia wakubwa, na ndani yake mna heshima nzuri. Lakini mkwe wako aliyefanyiwa upasuaji akibaki kwenye kiti ulipoingia, usihesabu kwamba amekudharau. Akijaribu kushuka chini kwa sababu anakuogopa, mzuie kabla hajaanza, na umsalimie wewe kwanza. Hata Kanisa halimdai goti. Taratibu za Misa Takatifu zinamruhusu mtu asipige magoti wakati wa mageuzo ikiwa afya yake inamzuia. Anaweza kuketi kwa uchaji, naye Bwana aliye katika Ekaristi anaijua ibada yake. Wazee wetu wanaojilazimisha kupiga magoti huku wanaung'ata mdomo kwa maumivu, nanyi lisikieni hili.

Kuna swali la imani ambalo siwezi kuliruka. Wapo watu wanaomwambia mgonjwa kwamba akiamini kweli atupe magongo, na kwamba kuendelea na mazoezi na kliniki ni dalili ya mashaka. Mpendwa, usiwasikilize. Sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira inafundisha kwamba tabibu anastahili heshima kwa sababu Mungu ndiye aliyemuumba, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mapenzi yake, wala mtu mwenye busara hazidharau. Kitabu hicho hicho kinamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Sali kabla ya mazoezi, sali katikati ya mazoezi, lakini fanya mazoezi.

Vivyo hivyo na kuchua. Tunao wazee wanaojua kuunga mifupa, nao wamesaidia wengi. Lakini goti lililofunguliwa na daktari na kushonwa halichuliwi kwa nguvu wala kukandwa kwa maji ya moto kabla daktari hajaruhusu. Wala usiweke mto chini ya goti ulale hivyo usiku kucha, hata kama unasikia raha, isipokuwa kama umeelekezwa, kwa sababu goti linaweza kuzoea kujikunja na likakataa kunyooka. Na zipo dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki: homa, usaha au mshono unaozidi kuwa mwekundu, tumbo la mguu kuvimba na kuuma, na zaidi ya yote kifua kubana au pumzi kukata ghafla, kwa maana damu iliyoganda mguuni inaweza kupanda mapafuni. Mgonjwa mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mwenye gari katika jumuiya asisubiri kuombwa mara mbili.

Neno moja kwa wenye maduara. Mtu akivunjika goti ndani ya shimo lako, wajibu wako haumaliziki kwa kumlipia bajaji ya kumfikisha hospitali. Aliyeajiriwa rasmi katika kampuni ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kijana wako anayelipwa kwa mgao wa mawe mara nyingi ana wewe tu. Wakati goti lake linapona, watoto wake wanaendelea kula. Mtume Yakobo aliandika kwa ukali juu ya ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa, kwamba kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Dhahabu inayotoka katika duara lako imepandishwa kwa magoti ya watu.

Sasa niongee na wewe mgonjwa, maana huenda unasoma haya ukiwa na mguu juu ya kiti. Kwa aliyezoea kuhudumia wengine, kuhudumiwa ni msalaba. Unaona aibu kumwomba jirani akumwagie maji. Unaona watoto wachafu na unataka kuinuka. Nakuomba umtazame Papa Francisko, marehemu Baba Mtakatifu wetu. Mwaka 2022 goti lake la kulia lilimsumbua sana, na tarehe 5 Mei mwaka huo alionekana hadharani kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya goti hilo. Safari yake ya Kongo na Sudan Kusini iliyopangwa Julai ikaahirishwa kwa agizo la madaktari. Upasuaji hakuutaka, kwa kuwa dawa ya usingizi aliyopewa alipopasuliwa utumbo mwaka 2021 ilikuwa imemwachia matatizo. Alikubali kusukumwa mbele ya macho ya dunia nzima. Na tarehe 31 Januari 2023 alifika Kinshasa. Hakuweza tena kwenda Goma kama ilivyokuwa katika mpango wa awali, lakini waathirika wa vita vya mashariki mwa Kongo walisafiri hadi Kinshasa, wakamweleza mateso yao yeye aliyeketi mbele yao. Kiti cha magurudumu hakikumpunguzia ubaba. Nawe kitanda hakikupunguzii umama.

Mtazame pia Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tarehe 20 Mei 1521, huko Pamplona, mzinga uliuvunja mguu wake wa kulia. Alibebwa kwa machela hadi nyumbani kwao, mfupa ukavunjwa upya ili uungwe vizuri, kisha mfupa uliojitokeza chini ya goti ukakatwa, na dawa ya usingizi ya upasuaji haikuwapo enzi hizo. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, havikupatikana. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu, na katika miezi ile ya kulala akabadilika. Tunamsifu Inyasi. Tukumbuke basi kwamba alikuwa katika nyumba ya kaka yake, chini ya uangalizi wa shemeji yake. Aliweza kusoma na kutafakari kwa sababu kulikuwa na watu waliompikia na kumfulia. Miezi ya kitandani inaweza kuwa mafungo, lakini mama mwenye watoto wanne hawezi kufanya mafungo kama hakuna aliyemshikia watoto.

Na watoto wenyewe wasionekane kama kero tu. Mtoto anaweza kufundishwa. Mwambie wa miaka 2 kwamba upande huu wa kitanda ni wake na upande ule ni wa mguu unaouma, apandie upande wake na apakatwe hapo. Wa chekechea ahesabu mazoezi kwa sauti, moja mpaka kumi, kwa kuwa anapenda kuhesabu na mama atashindwa kuruka zamu. Wa darasa la pili awe mlinzi wa magongo. Kila mmoja apewe kazi inayolingana na umri wake, ifanyike kabla ya shule au baada ya shule, isiwe badala ya shule. Hivyo wanajifunza mapema kwamba mtu dhaifu haachwi pembeni. Katekisimu ya darasani itakuja baadaye na kuweka majina juu ya kitu ambacho tayari wanakijua.

Basi tufanye nini? Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba tukichukuliana mizigo ndipo tunapoitimiza sheria ya Kristo. Napendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo, inapoandaa mchango wa upasuaji, iandae siku hiyo hiyo zamu ya baada ya upasuaji. Majuma 6 ni siku 42. Jumuiya yenye familia 14 ikigawana, kila familia inapata siku 3 tu. Siku tatu ndani ya mwezi na nusu, hakuna kati yetu anayeshindwa. Aliye zamu ahakikishe maji yamefika, chakula kimepikwa, watoto wa shule wamekwenda shule, na mazoezi yamefanyika. Akiweza akae saa moja na mtoto mdogo ili mama alale. Mwalimu aliye mwanajumuiya amfuatilie binti wa nyumba hiyo kwa jina.

Sehemu ya mchango itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya nauli ya kliniki, kwa sababu wagonjwa wengi huacha kwenda kliniki kwa kukosa nauli, si kwa uzembe. Tukumbuke kwamba mwenye goti bichi hapandi bodaboda kirahisi, anahitaji usafiri wa kunyoosha mguu. Fundi seremala wa jumuiya atengeneze kiti kilichotobolewa katikati kwa ajili ya choo, na meza ya kupandishia jiko. Kikitumika kwa mgonjwa mmoja kihifadhiwe kigangoni kwa ajili ya mwingine, pamoja na magongo. Vitu hivyo havina gharama kubwa, na vinaweza kuzuia anguko ambalo lingemrudisha mtu chumba cha upasuaji.

Watu wa kanda hii wanajua kungoja. Mwaka 2015, huko Nyangalata katika Kahama, wachimbaji watano walitolewa chini ya ardhi wakiwa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilistaajabu. Siku 41 ni karibu sawa kabisa na majuma yale 6 ambayo jirani yako atakuwa peke yake na goti lake, hatua chache kutoka mlangoni kwako, na kumfikia huhitaji kuchimba mwamba.

Baada ya Misa ya leo, kabla hujaondoka kanisani, muulize mwenyekiti wa jumuiya yako ni nani aliyerudi kutoka hospitali mwezi huu, na ni nani aliye nyumbani kwake kesho asubuhi. Kama jibu la swali la pili ni ukimya, andika jina lako.

Mungu Baba awaimarishe wote wenye magoti yaliyolegea, awape subira wanaowauguza, awalinde watoto wao. Nawatakieni Dominika njema.